Habari za Makaa ya Mawe, na Jiwe Jeusi la Igunga

Miaka michache iliyopita nilikaa siku kadhaa katika wilaya ya Igunga, mkoani Tabora, nikiandika majina ya aina za udongo kama yatajwavyo na Wasukuma na Wanyamwezi wa huko. Jioni moja mzee aliyenikaribisha kwake, kando ya mbuga ya Wembere, aliingia ndani akatoka na kitu kilichofungwa katika kipande cha kaniki. Alipokifungua niliona jiwe jeusi, lenye ukubwa wa ngumi mbili. Akanieleza kuwa wanawe walilipata walipokuwa wakichimba kisima, na tangu siku hiyo limekaa uvunguni mwa kitanda chake.

“Mwalimu,” akasema, “wewe umesoma. Haya ni makaa ya mawe, ama si makaa ya mawe?”

Nilidhani ananitania, lakini mzee yule hakuwa na mzaha. Alikuwa amesikia katika redio habari za malori yachukuayo makaa ya mawe kutoka Ruvuma kwenda bandari ya Mtwara, na wanawe walikuwa wameacha kulima nusu ya shamba la pamba ili waendelee kukipanua kile kisima, ambacho sasa hakikuwa kisima tena bali shimo. Ng'ombe wawili walikuwa wamekwisha kuuzwa ili kuwalipa vibarua. Wa tatu alikuwa amefungwa uani akisubiri mnada wa juma lile.

Nilimjibu kuwa kazi yangu ni lugha, wala sijui mambo ya miamba. Nikaomba kipande kidogo nikakichukua. Lakini swali lile halikuniacha, na nilipoanza kulitafuta jibu katika vitabu niligundua kwamba mzee wa Wembere hakuwa wa kwanza kuliuliza katika nchi zetu. Mtu wa kwanza aliyelipa fedha ili ajibiwe swali hilo hilo alikuwa Sultani wa Unguja.

Seyyid Barghash bin Said alitawala Unguja tangu 1870 hata alipofariki mwaka 1888. Mwaka 1872 tufani kubwa ilikipiga kisiwa, ikaing'oa mikarafuu na kuvizamisha vyombo vingi bandarini. Baada ya hapo Sultani alianza kununua merikebu za moshi, naye akawa na kundi zima la merikebu hizo, mojawapo ikiwa ile Glasgow iliyojengwa mwaka 1878 na kuzamishwa kwa mizinga ya Waingereza mwaka 1896. Sasa, jahazi hula upepo, na upepo ni wa Mungu, haulipiwi. Merikebu ya moshi hula makaa, na makaa yale yaliletwa kutoka ng'ambo kwa gharama. Pembe za ndovu zilizotoka Unyanyembe kwa mabega ya wapagazi, zikapita Ugogo na kufika Bagamoyo, kwa sehemu fulani zikageuka kuwa moshi baharini. Twaweza kuelewa basi kwa nini Sultani aliposikia kwamba kuna makaa katika bonde la Mto Ruvuma, habari iliyokuwa imeenea tangu zama za safari za Livingstone, hakuweza kuipuuza.

Mwaka 1881 alimwajiri Mskochi mmoja, Joseph Thomson, aende akatazame. Thomson alikuwa kijana wa miaka 23, lakini alikuwa mjuzi wa elimu ya miamba na alikuwa amekwisha kujipatia sifa. Mwaka 1879 alitoka Dar es Salaam akiwa msaidizi wa Keith Johnston; mkubwa wake alipokufa njiani huko Behobeho, kijana huyo aliuongoza msafara mwenyewe, akisaidiwa na Chuma, yule aliyekuwa miongoni mwa watu waliouchukua mwili wa Livingstone hadi pwani. Wakafika kichwani mwa Ziwa Nyasa, wakavuka hadi Tanganyika, kisha wakarudi kwa njia kuu ya misafara kupitia Tabora, na mwaka 1880 wakaingia Bagamoyo. Nataka msomaji aiweke njia hiyo akilini, maana nitairudia.

Katika safari ya Ruvuma Thomson alipanda kutoka pwani ya Mikindani hadi mahali penye “makaa”, katika mto Lujenda unaoingia Ruvuma kutoka kusini. Aliyoyaona huko hayakuwa makaa. Yalikuwa mawe ya tope yaliyogandamana tabaka juu ya tabaka, yenye weusi wa lami ndani yake. Ukiyatia motoni hutoa moshi na harufu, lakini hayawaki moto wa kuendesha mtambo. Thomson akarudi Unguja akasema kweli. Sultani hakufurahi hata kidogo, na haukupita muda mrefu kazi ya kijana yule kwake ikakoma. Mtu aliyekwisha kuhesabu faida moyoni ni vigumu kumshukuru yule amwambiaye kuwa hapana faida. Hilo nililikumbuka sana baadaye.

Jambo la ajabu katika kisa hiki ni kwamba Sultani hakukosea kabisa. Makaa yalikuwako. Yalikuwa mamia ya kilomita magharibi ya mahali pale, upande wa Ziwa Nyasa, katika bonde la Mto Ruhuhu, na mengine kaskazini-magharibi ya ziwa hilo, kati ya mito Kiwira na Songwe. Na Thomson mwenyewe, miaka miwili kabla hajaajiriwa kuyatafuta, alikuwa amepita kichwani mwa Ziwa Nyasa, mwendo usio wa siku nyingi kutoka hapo, akaenda zake.

Aliyeyaona ni Mjerumani Wilhelm Bornhardt, mtaalamu wa migodi, aliyezunguka kusini ya nchi kati ya miaka 1895 na 1897 na kuchapisha kitabu kikubwa juu ya safari zake huko Berlin mwaka 1900. Baada yake ilikuja Idara ya Miamba ya Tanganyika, iliyokuwa na makao yake Dodoma tangu miaka ya 1920. Mtu wa idara hiyo, G. M. Stockley, mwanzoni mwa miaka ya 1930 aliyapima matabaka ya Ruhuhu moja baada ya moja, akayapa alama tangu K1 lililo chini hadi K8 lililo juu. Kazi yake ndiyo msingi wa yote yaliyoandikwa baadaye juu ya bonde lile, ijapokuwa wataalamu wa leo wameyapa matabaka hayo majina ya mahali badala ya tarakimu, kama vile Mchuchuma, Mhukuru, Usili na Manda.

Yafaa sasa tueleze yale matabaka yasemavyo, maana asiyejua namna makaa yalivyozaliwa hawezi kujua mahali pa kuyatafuta, wala pa kutoyatafuta.

Tabaka la chini kabisa ni kazi ya barafu. Miaka milioni 300 iliyopita, zaidi au pungufu, Afrika ilikuwa imeungana na Bara Hindi, Australia, Amerika ya Kusini na nchi za Ncha ya Kusini kuwa bara moja, liitwalo na wataalamu Gondwana, na sehemu kubwa ya kusini yake ilifunikwa na barafu. Barafu ilipoyeyuka iliacha kokoto na tope. Juu yake, katika nchi baridi yenye maji mengi, yakaota misitu ya kinamasi, na mti uliotawala misitu hiyo waitwa Glossopteris, jina lililoanza kwa neno la Kiyunani lenye maana ya ulimi, kwa sababu ya umbo la jani lake. Majani yake yameachwa alama katika mawe ya Ruhuhu, na ya India, na ya Australia, na hata ya Ncha ya Kusini ambako leo hakuna mti uotao. Majani na magogo yalianguka katika maji yasiyo na hewa, hivyo hayakuoza yakaisha, bali yalirundikana kuwa mboji nyeusi.

Lakini mboji peke yake haitoshi. Kama nchi ingetulia, mboji ingejaa, ingekauka, ingechukuliwa na upepo. Yapasa nchi izame, tena izame polepole kwa kadiri ile ile mboji inavyopanda, ili kinamasi kiendelee kuwa kinamasi kwa maelfu ya miaka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Ruhuhu. Ardhi ilipasuka kwa nyufa ndefu zielekeazo kaskazini-mashariki, upande mmoja ukashuka kama kitanda kilichovunjika miguu miwili, na mito ikamwaga mchanga na tope ndani ya shimo hilo. Mara mto ulihamia huku, kinamasi kikafukiwa. Mara ukahamia kule, kinamasi kikaota tena juu ya mchanga. Ndiyo maana makaa hayakai kama chungu moja, bali kama mikeka iliyotandikwa, na kati ya mkeka na mkeka kuna mchanga uliokuwa jiwe. Uzito wa yote yaliyokuja juu, na joto la chini, viliikamua mboji maji na hewa mpaka mita 5 au 10 za mboji zikawa mita moja ya makaa. Na kwa kuwa mito ile haikuacha kuleta tope hata wakati kinamasi kilipokuwa kikiota, makaa yetu yana majivu mengi kuliko makaa mengi ya Ulaya. Wenye viwanda hulalamika juu ya majivu hayo. Lakini hayo ndiyo tuliyopewa.

Baadaye nchi ikapata joto na ukame. Matabaka ya juu hayana makaa, bali udongo mwekundu na mifupa. Stockley aliichukua baadhi ya mifupa hiyo, na mwaka 1933 alikuja F. R. Parrington kutoka Cambridge akakusanya mingine mingi. Miongoni mwa mifupa ya Parrington mlikuwamo mfupa wa juu wa mkono na pingili za uti wa mgongo za mnyama aliyekuja kupewa jina rasmi mwaka 2013 tu: Nyasasaurus parringtoni, ambaye huenda ndiye wa zamani kupita dinosaria wote wajulikanao. Mwingine wa matabaka hayo hayo alipewa jina mwaka 2010, nalo ni Asilisaurus kongwe. Sisi tufundishao Kiswahili twaweza kujivunia kidogo: jina la jenasi limeanza kwa neno letu “asili”, na la spishi ni neno letu lisilobadilishwa hata herufi moja.

Basi kwa nini makaa hayo yako Ruhuhu, wala hayako Igunga?

Jibu liko katika mawe makubwa ya matale yaliyosimama kote Unyamwezini na Usukumani, ambayo msafiri wa gari la moshi huyaona toka Tabora hadi Mwanza. Mawe yale ni ya zamani mno, zaidi ya miaka milioni 2,500, nayo ni sehemu ya kiini kigumu cha nchi yetu, kinachoenea kutoka Dodoma na Singida hadi Ziwa Victoria. Kiini hicho hakikupasuka wakati wa Gondwana. Nyufa zilikipitia pembeni, kama maji yapitavyo kando ya jiwe mtoni, zikafuata miamba dhaifu zaidi iliyokizunguka upande wa kusini na magharibi: Rukwa, Songwe, Ruhuhu, na kuendelea. Wakati Glossopteris alipokuwa akirundika mboji yake huko kusini, nchi ya Igunga ilikuwa juu, ikimomonyoka. Nchi imomonyokayo haiweki akiba.

Hata hivyo si kweli kwamba Igunga haina bonde la mashapo. Inalo, na lina historia yake, ila ni la zama nyingine kabisa. Mbuga ya Wembere ni mkono wa kusini wa bonde la ufa la Eyasi. Upande wa mashariki umesimama ukuta wa Sekenke, ambao kila dereva atokaye Singida kwenda Nzega aujua na kuuogopa. Upande wa magharibi nchi inapanda taratibu. Mto Manonga unaingia Wembere, na maji yakipatikana huelekea ziwa Kitangiri, na kutoka huko kwa mto Sibiti hadi ziwa Eyasi, nayo hukwama hapo, hayafiki bahari yoyote.

Stanley aliipita nchi hii mapema mwaka 1875, alipoiacha njia kuu ya Tabora huko Ugogo akakata kaskazini-magharibi kuelekea Ziwa Victoria. Kwa kuzitazama tambarare zile alifikiri kuwa hapo zamani zilikuwa sehemu ya Ziwa Victoria lenyewe, na mito yake akaihesabu katika vyanzo vya Nile. Katika mito alikosea. Lakini kwamba palikuwa na ziwa, hapo jicho lake halikumdanganya. Ila lilikuwa ziwa jingine.

Ushahidi wa ziwa hilo ulianza kupatikana karibu na Usongo. Jina hili latajwa sana katika vitabu vya misafara, maana Mtemi Mtinginya wa Usongo alikuwa mtu mkubwa katika njia iliyotoka kwenye ziwa kwenda pwani, na kwake ndiko Charles Stokes, yule mfanyabiashara Mwairishi aliyenyongwa Kongo mwaka 1895, alikoweka kituo chake. Wapagazi waliopita hapo na bunduki na pembe walikanyaga mifupa ya tembo wa kale bila kujua. Mwaka 1931 ilichapishwa makala juu ya miamba ya sehemu za Usongo, na waandishi wake walikuwa wawili, C. Grace na yule yule Stockley wa Ruhuhu. Nilipoliona jina lake hapo nilifurahi kama mtu aliyekutana na jirani ugenini. Mtu aliyeyajua makaa ya nchi hii kuliko wote wa zama zake alitembea pia katika bonde la Manonga, akaupima udongo wake, akaona chokaa, tope la ziwa na mifupa.

Kazi hiyo ililala miaka mingi, mpaka ilipoamshwa na msafara wa Terry Harrison na wenzake katika miaka ya 1990. Wao waliligawa shapo la Wembere na Manonga katika sehemu tatu, wakaziita Ibole, Tinde na Kiloleli, na umri wake wakaukadiria kuwa kati ya miaka milioni 5 na nusu na milioni 4. Walipata mifupa ya jamaa za tembo wenye pembe zilizonyooka, ya nguruwe wakubwa wa kale, ya viboko, ya farasi wenye kwato tatu, na ya samaki. Wengi walitarajia kuwa yatapatikana na mabaki ya watangulizi wa binadamu, kwa sababu ya umri ule na kwa sababu Olduvai na Laetoli haziko mbali. Hayakupatikana.

Umri huo ndio unaolijibu swali la mzee wangu. Miaka milioni 5 ni mingi kwa mwanadamu, lakini kwa makaa kama ya Ruhuhu ni kama jana. Hata mahali ambapo majani yalizama katika tope la ziwa lile, hayakupata kufunikwa kwa kina cha kutosha wala kukandamizwa kwa muda wa kutosha. Udongo mweusi wa mbuga nao huwapotosha watu, maana ni mweusi kweli, na ukilowa hushika mguu kama lami. Weusi wake hautokani na makaa; mboji kidogo tu iliyoshikamana na udongo wa mfinyanzi yatosha kuutia rangi hiyo. Wenyeji waijua tofauti hii vizuri kuliko vitabu. Wao huutaja udongo kwa kufuata mteremko: juu mlimani penye changarawe na mchanga ni luseni, chini yake itogolo ligumu lisilopenyeka kwa jembe, ibushi lenye chokaa, na mwisho mbuga yenyewe. Mwaka 1935 Geoffrey Milne wa Amani aliwaeleza wataalamu wa ulimwengu kwamba udongo wa Afrika ya Mashariki hufuatana kama mnyororo kutoka kilele hadi bonde, naye akasifiwa kwa ugunduzi huo. Mkulima wa Kisukuma alikuwa amekwisha kuutia mnyororo huo katika lugha yake.

Ukosefu wa makaa haukuwa jambo dogo katika nchi hizi. Reli ya Wajerumani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa miaka mingi injini zake za mvuke zilikula kuni. Miombo ya Unyamwezi ilikatwa kwa ajili ya tanuri hizo, huku makaa yakiwa yamelala Ruhuhu bila reli ya kuyafikia. Dhahabu haikuwa na shida hiyo, kwa sababu thamani ya mzigo mzima wa gari la makaa hutoshea katika mfuko mmoja. Ile ya Sekenke, juu ya ukuta wa Wembere, ilichimbwa tangu zama za Wajerumani, na mwaka 1916, walipokuwa wamezingirwa na vita, waliitumia kupiga sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, ambazo hata leo watoza sarafu huziita za Tabora. Makaa ni mzigo wa maskini: ni rahisi, ni mazito, na hayatembei bila njia.

Ndiyo maana toka Bornhardt hadi mgodi wa Kiwira, uliofunguliwa mwaka 1988 kwa msaada wa China, ilipita karibu miaka mia. Ngaka, katika bonde la Ruhuhu, ilianza kuchimbwa mwaka 2011. Mchuchuma, ambako hazina yake yakadiriwa kuwa tani milioni 428, ilifanyiwa mkataba mkubwa mwaka huo huo wa 2011 pamoja na chuma cha Liganga, na watu wa Ludewa walingoja mwaka baada ya mwaka. Kisha mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipowafanya watu wa Ulaya watafute makaa kokote yalipo, malori yakaonekana mengi katika barabara ya Songea kwenda Mtwara. Kwa hiyo makaa aliyoyatamani Barghash yakatokea pwani ya kusini, katika nchi ile ile aliyomtuma Thomson, miaka 140 baadaye, ila hayakuwa tena ya merikebu zake.

Mimi sipendi kumcheka Sultani, wala simcheki mzee wa Wembere. Wote wawili walikuwa na haja ya kweli, na wote wawili walisikia habari iliyokuwa na ukweli nusu. Kosa lilikuwa la mahali. Tena katika bonde la Wembere wenyewe kuna sababu ya watu kuamini kuwa chini kuna kitu, kwa kuwa Shirika la Maendeleo ya Petroli limelichunguza bonde la Eyasi na Wembere tangu mwaka 2015, kwanza kwa ndege, kisha kwa visima vifupi vya kutazama miamba, kisha kwa kupiga mitetemo ardhini. Mtu aonaye magari na mitambo ikipita katika shamba la pamba, kisha akaambiwa kuwa jiwe lake jeusi ni jiwe tu, ana haki ya kushuku.

Nilimpelekea kile kipande rafiki yangu aliye mjuzi wa miamba. Hakuchukua hata dakika moja. Alikipima mkononi akasema ni kizito mno; makaa ni mepesi, na huacha masizi vidoleni. Akakisugua katika kigae, kikaacha mstari hafifu wa kijani-kijivu. Akakitia motoni, kikapasuka kwa kelele, hakikuwaka. Akasema ni jiwe la moto wa kale, la ile miamba ya kijani ambayo mahali pengine huchukua dhahabu, nalo liliviringishwa na mto kutoka upande wa ukuta wa Sekenke mpaka likazikwa mbugani.

Niliporudi Igunga, kabla sijafika kwa mzee, nilikuwa nimepanga maneno. Nilimwamkia, tukakaa chini ya mti, nikamweleza yote kwa urefu: barafu, ule mti wenye jani kama ulimi, kitanda kilichovunjika miguu, na mawe ya matale yasiyokubali kupasuka. Nikamweleza pia juu ya ziwa lililokuwa hapo chini ya miguu yetu, na farasi wenye kwato tatu. Kuhusu dhahabu sikusema neno, maana nilijua lingezaa shimo la pili.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, “Na hilo ziwa, maji yake yalikwenda wapi?”

Nikamwambia nchi iliinuka na kushuka, mvua zikapungua, maji yakakauka, yaliyobaki yakakimbilia Kitangiri na Eyasi. Akacheka. Akasema babu yake aliwahi kusimuliwa kuwa Wajerumani walitaka kuchimba mfereji walete maji ya Ziwa Victoria mpaka Wembere wapande pamba, na watu wakasema wazungu wamerukwa na akili. Nikamthibitishia kuwa ni kweli, mpango huo ulikuwako kabla ya vita vya 1914. Akaninyoshea kidole upande wa mjini, ambako bomba la maji ya Victoria limekwisha kufika katika miaka hii ya 2020.

Yule ng'ombe wa tatu hakuwako tena uani. Sikuuliza. Lakini shimo lilikuwa limejengewa mawe kando, na binti mmoja alikuwa akiteka maji kwa kamba. Mzee akaniambia ni ya chumvi kidogo, yafaa kwa mifugo.

“Lile jiwe je?” nikamwuliza.

“Lipo pale pale uvunguni,” akasema. “Mwanangu mkubwa hajakubali.”